Muhogo usiooza: kazi ya Profesa Miano na wenzake

Wakazi wa Likoni, Kisauni na Changamwe hawahitaji kujulishwa muhogo. Asubuhi ni muhogo wa nazi, jioni ni wa kukaanga uliotiwa pilipili na ndimu, na watoto wakitoka shule hununua kachiri. Lakini mara ngapi mama amemenya muhogo wenye ganda safi, na alipoukata akakuta ndani madoa ya kahawia, makavu na magumu?

Huo ni ugonjwa wa michirizi ya kahawia. Wataalamu waliokuwa Amani, Tanganyika, waliueleza katika miaka ya 1930, na kwa muda mrefu ulihesabiwa kuwa ugonjwa wa pwani. Mwaka 2004 ulionekana Uganda, kisha ukaenea bara. Huletwa na virusi vya aina mbili vinavyobebwa na inzi weupe. Mkulima naye huueneza bila kujua, anapopanda kipande cha shina lililo gonjwa. Mara nyingi mti huonekana mzima mpaka siku ya kuvuna. Kibandameno, muhogo mtamu upendwao sana Pwani, hushikwa kwa urahisi.

Profesa Douglas Miano wa Chuo Kikuu cha Nairobi amefanya kazi ya virusi vya mimea kwa miaka mingi. Alishughulikia viazi vitamu: mwaka 2008 yeye na wenzake wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Louisiana, Marekani, walichapisha utafiti kuhusu alama za urithi zinazohusiana na viazi vinavyostahimili virusi nchini Kenya. Baadaye aliongoza upande wa Kenya wa mradi wa VIRCA, uliowaunganisha watafiti wa Kenya, Uganda na kituo cha Danforth kilichoko St. Louis. Majaribio ya shambani yalifanywa pia Mtwapa, kwenye kituo cha utafiti wa kilimo, mwendo mfupi tu kutoka Kisauni kwa barabara ya Malindi.

Walichofanya ni hiki. Walichukua kipande kidogo cha jeni za virusi hivyo viwili na kukitia katika chembechembe za muhogo. Kipande hicho hakiwezi kuleta ugonjwa. Ni kama mlinzi wa geti aliyepewa picha ya mwizi mapema: virusi vikiingia, mmea huvitambua na kukatakata ujumbe wao kabla havijazaana.

Hapa msomaji atauliza, je, nikila muhogo huo sitaugua? Swali ni halali. Virusi hivi hushambulia mimea, si watu, na yeyote aliyewahi kukata sehemu mbovu akapika iliyobaki huenda amekwisha kula virusi vizima, si kipande. Kwa maoni yangu hoja hii ina uzito kuliko ahadi nyingi zinazotolewa mikutanoni.

Kazi haikuwa mteremko. Aina waliyoanza nayo, TME 204, kwa asili hustahimili batobato, lakini baada ya kukuzwa upya maabarani ikapoteza kinga hiyo. Ilibidi ipandishwe na mihogo mingine ili kinga irudi. Mwezi wa Juni 2021 Mamlaka ya Kitaifa ya Usalama wa Kibayolojia iliidhinisha muhogo huo, lakini kwa sharti la majaribio ya kitaifa kabla ya kumfikia mkulima. Oktoba 2022 serikali iliondoa marufuku ya mwaka 2012 juu ya vyakula vya aina hii, na kesi zikafuata mahakamani.

Jambo moja lisichanganywe. Kinga dhidi ya kuoza haiondoi sianidi, sumu iliyomo ndani ya muhogo, hasa ule mchungu. Mwaka 1981 huko Nampula, Msumbiji, watu zaidi ya 1,000, wengi wao wanawake na watoto, walipooza miguu baada ya kula kwa wiki nyingi muhogo mchungu usiotayarishwa vizuri, wakati wa ukame na uhaba wa protini. Basi mchungu usiupike kama mtamu: umenywe, ulowekwe siku kadhaa, ukaushwe na kusagwa. Hata mtamu uchemshwe mpaka uive, maji yamwagwe, na sahani iwe na samaki, maharagwe au kunde. Mtoto asitafune mbichi.