Herufi Saba za Anga na Kibali cha Kuingia

Swali la mtihani linaonekana jepesi. Unaruka kwa kuona, yaani VFR, na unakaribia anga la daraja C. Unamwita mwongoza ndege redioni. Anataja namba ya usajili ya ndege yako, kisha anakwambia usubiri. Je, uingie?

Jibu linategemea mtihani ni wa nchi gani. Kwa sheria za Marekani, waweza kuingia. Mwongoza ndege akishataja namba yako, mawasiliano yenu yamekamilika, na kwa madaraja C na D hilo linatosha maadamu hajakuamuru ubaki nje. Kwa kanuni za Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga, ICAO, ambazo ndizo msingi wa kanuni za Kenya na Tanzania, hapana. Unabaki nje mpaka upewe kibali. Mwanafunzi wa urubani wa pale Uwanja wa Ndege wa Wilson, Nairobi, anayejisomea kwa vitabu na video za Kimarekani kwa kuwa ni nyingi na zinapatikana bure, anaweza kujibu bila wasiwasi wowote na akakosa. Na hilo ni kosa la karatasi tu. Likifanywa angani, ni kuingia anga linalodhibitiwa bila ruhusa.

Kwa hiyo usianze kwa kukariri jedwali la herufi A hadi G. Kwa kila herufi jiulize: nani anaruhusiwa kuruka humo, nani anatenganishwa na nani, na nani anahitaji kibali?

Daraja A ni la wanaoruka kwa vyombo, yaani IFR, peke yao. Daraja B linawapokea wote, na kila ndege hutenganishwa na nyingine. Kwenye C, ndege ya IFR hutenganishwa na zote, lakini nyinyi wawili wa VFR mtapewa tu taarifa kwamba mwenzenu yuko karibu. Kukwepana ni juu yenu. Kwenye D, zinazotenganishwa ni IFR kwa IFR, wengine wote hupewa taarifa. Katika madaraja hayo manne, kila anayeruhusiwa kuingia lazima awe na kibali.

Daraja E ndilo la kulisoma mara mbili. Ni anga linalodhibitiwa, ila rubani wa VFR hahitaji kibali, na kwa kanuni za ICAO hata redio si lazima. Maana yake ni kwamba ndege ya IFR iliyotenganishwa vizuri na IFR wenzake inaweza kukutana na wewe ambaye mwongoza ndege hana habari zako. Kinga yako hapo ni macho yako. Daraja F ni la ushauri, na nchi nyingine hazilitumii kabisa, Marekani ikiwa mojawapo. G halidhibitiwi: hakuna kibali, kuna taarifa tu.

Namba za hali ya hewa kwa VFR hazina njia ya mkato. Chini ya futi 10,000 uone umbali wa kilomita 5, na kuanzia hapo kwenda juu kilomita 8. Katika anga linalodhibitiwa, mawingu yawe angalau mita 1,500 pembeni na mita 300 juu au chini yako.

Sasa kibali chenyewe. Kila kibali kina mpaka wake, na jambo hili lina historia ya kuumiza. Tarehe 27 Machi 1977, kwenye ukungu wa Tenerife, marubani wa Boeing 747 ya KLM walikuwa wamepewa kibali cha njia ya kufuata baada ya kupaa. Kibali cha kupaa kwenyewe hawakuwa nacho. Walianza kupaa, wakagonga 747 ya Pan Am iliyokuwa bado kwenye njia ya kurukia. Watu 583 walikufa. Sababu zilikuwa kadhaa, lakini tangu hapo neno la kupaa hutamkwa redioni pale tu kibali cha kupaa kinapotolewa au kufutwa.

Hivyo rudia kwa sauti ulichopewa: njia, kimo, mwelekeo, namba ya transponda, kipimo cha altimita, na kila agizo la kuingia, kuvuka au kusubiri kando ya njia ya kurukia. Kuitikia kwamba umesikia hakutoshi. Na kibali kikikupeleka kwenye wingu nawe ni wa VFR, sema huwezi, uombe kingine. Mwongoza ndege anapanga kwa kufuata ndege anazozijua. Wingu lililo mbele yako unaliona wewe.

Kabla ya mtihani, fungua kitabu rasmi cha taarifa za anga, AIP, cha nchi utakayofanyia mtihani. Sehemu ya ENR 1.4 inaeleza madaraja yanayotumika huko. Kisha rudi GEN 1.7, ambako nchi huorodhesha mahali inapotofautiana na ICAO, na uweke alama kwenye kila tofauti inayogusa VFR.