Ugomvi Uliisha, Utengano Ukabaki

Tarehe 18 Mei 1843, mjini Edinburgh, wachungaji zaidi ya 450 walianza kujitenga na Kanisa la Scotland, lililo la Kipresbiteri, wakiongozwa na Thomas Chalmers. Hawakugombana juu ya Sakramenti, bali juu ya mamlaka: je, tajiri mwenye ardhi aweza kuwawekea waumini mchungaji wasiyemtaka? Kwa ajili ya dhamiri wakaacha nyumba na mishahara.

Sheria ile ilifutwa mwaka 1874. Lakini wengi wa warithi wao waliungana tena na Kanisa lile mwaka 1929 tu. Kutetea haki si dhambi. Kukawia kupatana ndiko hatari. Basi, wazazi, tuwafundishe watoto wetu yote mawili, maana Kristo aliwaombea wafuasi wake wawe wamoja.