Shabiki wa Kriketi na Siku ya Kushindwa

Wazee wetu husema kwamba asiyekubali kushindwa si mshindani. Kila timu yetu irudipo mikono mitupu, mwalimu wa michezo hutukumbusha methali hiyo. Lakini nikiitazama vizuri naona inamhusu mchezaji hasa, maana aliyeshindwa leo huweza kuingia uwanjani siku nyingine akajaribu tena. Je, shabiki? Yeye hakupiga mpira wala hakuurusha, hana njia ya kusahihisha kosa, na huzuni anayo ile ile. Katika somo hili fupi nataka kueleza jinsi mashabiki wa kriketi walivyoipokea huzuni hiyo waliposhindwa na mahasimu wao, nasi tupate la kujifunza.

Kwa wasioujua mchezo huu, upande mmoja hurusha mpira na mwingine hupiga. Wapigaji hukimbia kutoka vijiti vya upande huu hadi vya upande ule, na kila mwendo huhesabiwa mkimbio mmoja. Wapigaji 10 wakiisha kutolewa, zamu ya timu imekwisha. Siku hizi mechi kubwa kati ya mataifa huchezwa kwa siku 5, na kila timu huweza kupiga mara mbili. Basi fikirini mtu aliyetumaini kwa siku 5, kisha tumaini likavunjika katika nusu saa ya mwisho!

Habari ya kwanza ni ya Uingereza. Tarehe 29 Agosti, 1882, katika uwanja wa The Oval mjini London, Waingereza walihitaji mikimbio 85 tu kuwashinda Waaustralia. Walipofikisha 51 walikuwa wametolewa wapigaji wawili tu, na watazamaji wakaona ushindi umekwisha patikana. Ndipo Fred Spofforth alipozidi kurusha kwa ukali, wapigaji wakaanguka mmoja baada ya mwingine, na wote wakaisha kwa 77. Walishindwa kwa mikimbio 7. Inasimuliwa kwamba mtazamaji mmoja alitafuna mpini wa mwavuli wake kwa wasiwasi.

Waingereza walifanyaje? Walijicheka. Siku chache baadaye gazeti la Sporting Times lilichapa tanzia ya mzaha, kwamba kriketi ya Uingereza imefariki, mwili utachomwa na majivu yatapelekwa Australia. Baadaye Ivo Bligh alipoongoza timu kwenda Australia, alisema anakwenda kuyarudisha majivu hayo, na huko akapewa chungu kidogo ambacho kimo chake hakifiki sentimita 12. Hata leo nchi hizo mbili hushindania majivu, na chungu chenyewe kimehifadhiwa katika uwanja wa Lord's, London. Mzaha huo uliwahusu wao wenyewe, haukumtukana aliyeshinda, na ndiyo sababu Waaustralia nao waliupenda.

Habari ya pili ni ya India na Pakistan, nchi zilizopigana vita zaidi ya mara moja tangu 1947. Mwezi wa Januari, 1999, timu ya Pakistan ilikwenda India huku watu wengine wakiipinga safari hiyo, hata wakachimbua uwanja wa Delhi ili mechi isichezwe. Mechi ya kwanza ikachezwa Chennai. Siku ya mwisho, tarehe 31 Januari, India walitafuta mikimbio 271. Sachin Tendulkar, huku mgongo ukimwuma, alipata 136 peke yake. Alipotolewa ilibaki mikimbio 17 tu, lakini wenzake waliosalia wakaongeza 4, mchezo ukaisha. India wakashindwa kwa mikimbio 12. Watazamaji wa Chennai walisimama wakawapigia makofi wachezaji wa Pakistan, nao wakauzunguka uwanja kwa kushukuru.

Mwezi uliofuata timu hizo hizo zilikutana Calcutta. Tendulkar aligongana na mrushaji wa Pakistan, Shoaib Akhtar, wakati akikimbia, akatolewa. Watazamaji wakakasirika wakatupa chupa uwanjani, hata Tendulkar mwenyewe akatoka kuwasihi watulie. Siku ya 5 ghasia zikarudi, polisi wakawatoa watu wote, na India wakashindwa kwa mikimbio 46 mbele ya viti vitupu. Hasira, hasara. Waliokuja kuiunga mkono timu yao waliiacha peke yake saa ilipowahitaji, na mwisho wa mchezo hawakuuona.

Kutokana na habari hizi napata mafunzo matatu. Kwanza, si aibu kuhuzunika. Wa Chennai waliumia kama wa Calcutta. Pili, huzuni hutafuta kazi ya kufanya, na tusipoichagulia kazi njema itajichagulia mbaya. Kupiga makofi ni kazi ya mikono, na kutupa chupa ni kazi ya mikono ile ile. Tatu, mzaha hutuliza moyo iwapo tunajicheka sisi wenyewe pamoja.

Neno hili latuhusu sana sisi tukaao bwenini. Tukishindwa na shule jirani, wapinzani hupanda gari wakaenda zao, na hasira yetu hubaki ikimtafuta mtu wa karibu. Mara nyingi humwangukia mwenzetu aliyekosa bao au aliyeachia mpira. Naye ndiye aliyeumia kuliko sote, na usiku hulala kitanda cha pili, akisikia kila tunalosema. Watu wa Chennai waliweza kuwapigia makofi wageni waliowashinda. Je, sisi tutashindwa kumwambia ndugu yetu, "Pole, umejitahidi," na kumwekea nafasi mezani wakati wa chakula?

Mwanafunzi wa Kidato cha IV