Ifahamu Ubao Mama wa Kompyuta Kabla ya Kununua Mwingine

SOMO LA TEKNOLOJIA

Juni ni mwezi wa kazi nyingi kwa wenye saiba. Wananchi hupanga foleni ili wawasilishe ritani za ushuru kabla ya tarehe 30 kupita. Ni katika siku hizo ambapo mama mmoja mwenye saiba sokoni aliona kompyuta yake ikianza vituko. Kila asubuhi ilisimama kwenye skrini nyeusi ikimtaka abonyeze kitufe cha F1. Tarehe ilikuwa imerudi nyuma miaka kadhaa, na tovuti za serikali zilikataa kufunguka zikidai muunganisho si salama. Fundi aliyeitwa alisema ubao mama umekufa na ni lazima ubadilishwe. Gharama aliyotajiwa ilikaribia bei ya kompyuta nyingine iliyotumika.

Kabla hajalipa, kijana wa chuo cha kiufundi aliyekuwa akimsaidia kazi alifungua kasha, akatoa betri ndogo ya duara na kuweka mpya aliyoinunua kwa fundi wa saa. Akarekebisha tarehe. Foleni ikaendelea siku hiyo hiyo.

Mpendwa msomaji, ubao mama haukuwa na kasoro. Somo hili linaeleza sehemu zake muhimu na jinsi ya kuufunga, ili nawe usilipie kisichoharibika wala usinunue kisichoingiana.

Ubao mama ni nini?

Ni ule ubao mpana, aghalabu wa kijani au mweusi, unaolala ndani ya kasha la kompyuta. Mafundi wengi huuita madabodi. Haufanyi hesabu wala hauhifadhi picha zako. Kazi yake ni kuunganisha sehemu zinazofanya hayo na kuzigawia umeme.

Istilahi za kufahamu

Soketi ya prosesa: Ni mahali inapokaa prosesa, yaani ubongo wa kompyuta. Kila soketi ina jina, kwa mfano LGA 1155, LGA 1151 au AM4. Katika soketi za LGA, pini nyembamba ziko kwenye ubao. Katika AM4, pini ziko chini ya prosesa. Pini ikipinda, kuinyoosha ni kazi ya subira na mara nyingine haiwezekani.

Chipseti: Ni chipu inayosimamia mawasiliano kati ya prosesa na baadhi ya vifaa vingine. Hapa ndipo wengi hunaswa. Prosesa za Intel za kizazi cha 6 na cha 8 hutumia soketi yenye jina moja, LGA 1151, lakini ya kizazi cha 8 haitafanya kazi kwenye ubao uliotengenezewa kizazi cha 6. Kutoshea si kuelewana.

Sloti za RAM: RAM ni kumbukumbu ya muda. DDR3 ina pini 240, DDR4 ina pini 288, na pengo lililokatwa kwenye ukingo wa kila aina liko mahali tofauti. Ukiona RAM haiingii, usiisukume kwa nguvu. Huenda umeuziwa aina nyingine.

SATA na M.2: Ni njia za kuunganisha diski. SATA hutumia kebo nyembamba, M.2 ni sloti ya diski ndogo inayolazwa juu ya ubao wenyewe.

BIOS: Ni programu iliyo ndani ya chipu ya ubao. Ndiyo ya kwanza kuamka unapowasha kompyuta. Hukagua vifaa, kisha huita Windows au mfumo mwingine.

Betri ya ubao: Nyingi ni za aina ya CR2032, zenye volti 3 na upana wa milimita 20. Hutunza saa wakati kompyuta imekatiwa umeme. Katika saiba ile, swichi ya ukutani ilizimwa kila usiku, na betri iliyochoka haikuweza kuibeba saa hadi asubuhi. Kwa kuwa vyeti vya usalama vya tovuti vina tarehe ya kuanza na ya kuisha, kompyuta inayoishi miaka ya nyuma huviona si halali.

Kabla ya kununua

Andika jina la modeli lililochapishwa kwenye ubao wenyewe. Ikiwa kompyuta ya Windows bado inawaka, andika msinfo32 kwenye sehemu ya kutafuta, nayo itakuonyesha modeli. Kisha linganisha mambo manne: soketi na chipseti, aina ya RAM, ukubwa wa ubao, na plagi za umeme.

Kwa ukubwa, ATX ni milimita 305 kwa 244, microATX ni 244 kwa 244, na Mini-ITX ni 170 kwa 170. Kuhusu plagi, ubao wa kawaida hutumia plagi kuu ya pini 24 na nyingine ya pini 4 au 8 ya prosesa. Baadhi ya kompyuta za ofisini zinazouzwa zikiwa zimetumika zina plagi za aina yake, kwa hivyo pawa saplai ya kawaida huenda isiingiane nazo.

Hatua za kuufunga

1. Zima kompyuta, chomoa waya ukutani, kisha bonyeza kitufe cha kuwasha kwa sekunde chache ili umeme uliobaki uishe.

2. Gusa chuma kisicho na rangi cha kasha ili kuondoa umeme tuli mwilini. Usivae sweta ya sufu. Shika ubao kwa kingo zake.

3. Weka ubao juu ya boksi lake au meza ya mbao. Linganisha alama ya pembetatu kwenye prosesa na ile ya soketi, kisha iache itue yenyewe.

4. Tia pesti ya kupitisha joto, kiasi cha punje ya dengu, juu ya prosesa. Funga kipoza joto na uunganishe waya wa feni.

5. Ingiza RAM hadi vishikizo vilie. Ikiwa unazo mbili na sloti ni nne, kijitabu cha ubao kitakuonyesha jozi sahihi.

6. Ndani ya kasha, hakikisha vile viguu vidogo vya shaba viko chini ya kila tundu la skrubu, na hakuna cha ziada. Ubao ukigusa chuma mahali pasipofaa, unaweza kuungua.

7. Unganisha plagi zote mbili za umeme, kebo za diski, na nyaya ndogo za kitufe cha kuwasha. Plagi ya prosesa ndiyo husahaulika sana.

Ikikataa kuwaka

Anza na kisicho na gharama. Kagua waya na swichi ya pawa saplai. Kompyuta ikiwa imechomolewa, toa RAM, safisha ukingo wake taratibu kwa kifutio cha penseli, pangusa vumbi, uirudishe. Jaribu RAM moja pekee. Badilisha betri. Ukishindwa, ndipo umwite fundi, na umwombe akuonyeshe alichokipata kabla hujalipa. Usifungue pawa saplai yenyewe, kwa maana inaweza kuwa na umeme hatari hata ikiwa imechomolewa.

Ubao uliokufa kabisa usiuchome wala kuutupa jaani. Mwingi, hasa wa zamani, una risasi, na moshi wake ni sumu. Upeleke kwa wanaokusanya taka za kielektroniki.

Maswali ya kujipima

1. Kwa nini tarehe isiyo sahihi huzuia tovuti kufunguka?

2. Rafiki yako ana ubao wa DDR3 na ameuziwa RAM ya DDR4. Utamshauri nini?

3. Taja mambo manne ya kulinganisha kabla ya kununua ubao mama.

Mzazi, kama kuna kompyuta nyumbani isiyotumika, mpe kijana wako nafasi ya kuifungua akiwa na somo hili mkononi. Huenda shida ni betri tu.