Saget: Mboga Inayojiotea

Mvua ndefu zikishika, saget huota yenyewe palipokuwa na zizi la ng'ombe, pembeni mwa mahindi na popote penye samadi. Hii ndiyo mgagani, isagek kwa Wakalenjin. Huishi msimu mmoja. Jani lake limegawanyika kama vidole, mara nyingi vitano. Shina lina vinyweleo vinavyonata, maua ni meupe au ya zambarau hafifu. Huku Njoro na Rongai wapo wanaoing'oa kama kwekwe asubuhi, kisha jioni wakanunua mboga sokoni. Hasara hiyo inaniuma, kwa sababu majani haya yana madini ya chuma, kalisiamu na vitamini A na C.

Chuma machipukizi laini kabla maua hayajashika. Usichume jaani, kwenye mtaro wa maji taka wala kando ya barabara kuu: udongo wa hapo huweza kuwa na risasi, na ile iliyokwisha kuingia ndani ya jani haitoki kwa kuosha. Mahali hapohapo huota pia mnanaha, wenye jani pana la meno na tunda la miiba. Mnanaha ni sumu. Mtu akiula, mdomo hukauka, mboni za macho hupanuka, naye huanza kuweweseka. Mkimbizeni hospitalini mara moja.

Osha majani kabla ya kuyakata. Wengi huyachemsha na kumwaga maji mara mbili ili kuondoa uchungu, lakini vitamini C na foleti humwagika pamoja nayo. Afadhali desturi ya Wakalenjin: maji kidogo, kisha maziwa au malai, na uchungu unapungua hata mtoto anakula. Maziwa yawe yamechemshwa, kwa kuwa mabichi huambukiza bruselosi. Mboga ikilala, ihifadhi mahali pa baridi na uipashe hadi ichemke. Magadi yaache, hasa nyumbani mwenye mgonjwa wa presha, maana yana sodiamu nyingi.

Kamulia ndimu mezani, mwili upate kufyonza madini ya chuma. Chai nayo huyazuia; ingoje saa nzima baada ya chakula.

Mama mjamzito, kula saget, lakini vidonge vya madini ya chuma na foliki asidi ulivyopewa kliniki endelea kuvimeza kila siku.