Kapeti la Geto: Fulia Nyumbani, Siyo Ziwani

Boom likichelewa, hela ya kumlipa mfua kapeti haipo. Mwaka jana mimi na mwenzangu wa geto tulibeba letu kutoka Malimbe hadi ziwani, tukasimama majini tunasugua. Miezi miwili baadaye nikapimwa, nikakutwa na kichocho. Vipimo na dawa vilikula hela zaidi ya ile tuliyoikwepa.

Tena Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inakataza shughuli zinazoharibu mazingira ndani ya mita 60 kutoka ufukweni. Na maji ya bomba ya Mwanza yanavutwa ziwa hilohilo.

Siku hizi tunafulia uani:

1. Ning'iniza kapeti, lipige fimbo. Vumbi likilowa linakuwa tope.
2. Koroga kijiko kimoja cha sabuni ya unga kwenye nusu ndoo ya maji. Sugua kwa brashi laini.
3. Suuza mpaka povu liishe. Sabuni ikibaki inanasa uchafu upya.
4. Anza saa mbili asubuhi, anika juu ya ukuta, geuza mchana. Likilala bichi litanuka.

Maji machafu mwaga kwenye udongo, siyo mtaroni. Mitaro yetu inashukia ziwani.