Mgeni Akiondoka, Anabeba Nini?

Sote tunajua: mtu akitoka Nairobi kuja nyumbani Kericho au Bomet, hafiki hivi hivi. Hata kama nauli imemmaliza, atanunua mkate na sukari. Wahenga walisema, mkono mtupu haulambwi. Naye akirudi mjini, mama humfungia mursik, mahindi au hata kuku.

Wajapani nao wana desturi hii, wanaiita omiyage. Msafiri hununua chakula cha mahali alikotembea, awapelekee jamaa na wenzake wa kazini. Kwa hivyo miji mingi kule ina chakula chake kinachojulikana, kimefungwa vizuri na kuandikwa jina la mahali. Mwaka wa 1979 gavana wa mkoa wa Oita, Morihiko Hiramatsu, alihimiza kila kijiji kiwe na bidhaa yake moja ya kujivunia.

Je, sisi? Majani chai yetu mengi huuzwa kwa mnada Mombasa, kisha huchanganywa na ya kwingine. Jina la kijiji hupotea njiani, na faida ya pakiti huenda kwa mwingine. Lakini magari ya Nakuru na Kisumu yanapita hapa Kericho kila siku. Tunaweza kuwauzia wasafiri nini?

Hatua za kufuata:

1. Chagueni kitu kimoja mnachokijua vizuri: nanasi, asali au mursik.

2. Usafi kwanza. Maziwa ya mursik yachemshwe na kupoa. Kibuyu, yaani sotet, kisuguliwe kwa sosiot, kisha kipakwe mkaa wa senetwet. Chombo kimoja kichafu kikimwuguza mteja, jina la kikundi kizima limeharibika.

3. Pigeni hesabu ya maziwa, chombo, nauli na saa za kazi. Bei isiyolipa jasho ni hasara, hata kama pesa iko mkononi.

4. Kabla ya kupeleka madukani, ulizeni ofisi ya afya na KEBS kuhusu kibali na alama ya ubora.

5. Msiuze maziwa yote. Mtoto wa nyumbani anywe kwanza, ndipo msafiri auziwe.

Maswali ya kujadiliana:

– Mgeni wako wa mwisho alibeba nini? Kilitoka shambani au dukani?

– Ni nani kati yetu anayejua kazi hii sawasawa, na yuko tayari kuwafundisha vijana?